Nimezoea baridi ya Kibo. Naweza kulala kwenye theluji peke yangu?

"Nina miaka 31, kwetu ni Marangu. Kabla ya kuja Ufini nilikuwa mgumu, yaani mpagazi, kwenye Mlima Kilimanjaro kwa misimu minne. Nimebeba mizigo njia ya Marangu na ya Machame, na kileleni nimefika mara kadhaa nikiwasaidia waongozaji. Sasa naishi Tampere, na huu ni msimu wangu wa pili wa baridi. Wenzangu kazini wikiendi wanakwenda msituni, wanawasha moto na kulala nje kwenye laavu, kibanda cha msituni kilicho wazi upande mmoja. Nimevutiwa sana. Nimeanza kujifunza kuchonga kwa kisu na kuwasha moto kwa chuma cha cheche, na Februari nataka nilale usiku mmoja peke yangu kwenye nyumba ya theluji nitakayoichimba mwenyewe, kama nilivyoona kwenye video. Nimenunua mfuko wa kulalia ulioandikwa nyuzi hasi 24, kwa bei nzuri. Koti langu ni zito sana. Ninunue nini kingine? Ni kweli konyagi kidogo inasaidia usiku? Theluji naweza kuila badala ya kubeba maji? Mke wangu anasema nimechanganyikiwa, lakini baridi mimi naijua tangu utotoni. Desemba vidole viwili vya mkono wa kushoto viliganda kidogo nikisubiri basi, vikawa kama nta, ila vilirudi vyenyewe, kwa hiyo hilo si tatizo."

Mdogo wangu, kwanza niseme kwamba nataka uende. Mtu aliyebeba mzigo hadi kambi ya Barafu akashuka salama ana kitu ambacho wanafunzi wangu wengi hawana: anajua kuchoka bila kupoteza akili. Kwa hiyo sikuandikii ili nikukatishe tamaa. Ila umeniuliza mambo manne, na lile la tano, ambalo umelitaja mwishoni ukasema si tatizo, ndilo ninaloanza nalo.

Vidole viwili vilivyokuwa kama nta viliganda. Ngozi iliyofikia hapo, hata kwa dakika chache, kwa watu wengi haisahau. Mishipa midogo ya damu hubaki na wepesi wa kujikaza, na baridi ambayo mwaka juzi isingekusumbua sasa inatosha kuvitia ganzi vidole vile vile. Jichunguze kwa ukweli. Ukishika chupa ya maziwa iliyotoka kwenye friji, je, vidole hivyo vinatangulia kufa ganzi kuliko vingine? Vinabadilika rangi? Usiku vinawaka moto au kuchoma kama sindano? Kama jibu ni ndiyo kwa lolote kati ya hayo, nenda kituo cha afya ukavionyeshe kabla ya kulala nje hata usiku mmoja, na ueleze hayo ya Desemba. Kama hujui pa kuanzia, piga 116117. Ni namba ya ushauri wa afya ya Ufini, na watakuelekeza.

Hapa kuna jambo ambalo hutalisikia kwa wenzako kazini, kwa sababu haliwahusu. Mkono ukikaa kwenye baridi, mishipa ya vidole hujikaza ili damu yenye joto ibaki kifuani na tumboni. Baada ya dakika 5 hadi 10 mishipa hiyo hufunguka kidogo, damu ya moto ikapita, vidole vikapata nafuu, kisha ikafunga tena, na mchezo ukaendelea hivyo. Daktari Thomas Lewis wa Uingereza aliueleza mwaka 1930. Kwa watu wengi wenye asili ya Afrika kule kufunguka huchelewa au huwa kudogo. Majeshi yaliliona hili kwa uchungu. Tangu vita vya Korea, takwimu za jeshi la Marekani, na baadaye za jeshi la Uingereza, zimeonyesha askari weusi wakiumia vidole na miguu kwa baridi kuliko weupe, wakiwa kwenye zoezi lile lile na wamevaa sare zile zile. Hakuna udhaifu wowote hapo, wala ujasiri hauondoi. Ni namna mishipa yetu inavyofanya kazi. Maana yake ni kwamba mwenzako Mfini akivua glavu dakika tatu kufunga kamba, wewe hizo dakika tatu huna.

Tena vitabu vingi vinasema ngozi inayoganda huwa nyeupe. Kwetu sisi haiwi nyeupe. Inakuwa ya kijivu, kama mguu uliopauka usiopakwa mafuta, au inapoteza mng'ao ikawa kama mshumaa, kama ulivyoeleza mwenyewe. Gizani kwa tochi ya kichwani huwezi kuiona kabisa. Kwa hiyo usitegemee macho, tegemea mguso. Bonyeza ncha ya kidole: je, nyama inabonyea au imekuwa ngumu? Gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono huo huo. Ukishindwa kuvikutanisha, kazi yoyote uliyokuwa unafanya imekwisha. Mikono inaingia kwapani, chini ya nguo, hadi irudi.

Sasa tuje Kibo.

Unasema baridi unaijua, nami nakuamini, lakini fikiria ulivyoijua. Usiku wa kilele mnaondoka Kibo Hut, mita 4,720, karibu na saa 6 za usiku. Mnatembea mpaka alfajiri, mnafika Uhuru kwenye mita 5,895, mnashuka. Usiku mzima ule jiko lilikuwa ni miguu yako. Baridi uliipita ukiwa unatembea. Kwenye laavu unafanya kinyume chake. Mchana kutwa unapasua kuni, unakoroga theluji, unabeba, unachimba. Halafu mwanzoni mwa Februari jua la Tampere linatua kabla ya saa 11 jioni, na kuanzia hapo unakaa. Unakaa saa 15 au zaidi mpaka kupambazuke. Joto lote utakalokuwa nalo ni lile mwili unalolitengeneza ukiwa umelala, na hilo ni dogo.

Na kinachomwibia mtu joto lake wakati huo ni maji. Hili ndilo ningependa ulishike kuliko mengine yote ya barua hii. Hewa iliyotulia ni blanketi zuri. Nguo zako zote, mfuko wako wa kulalia, hata theluji yenyewe, vinakukinga kwa sababu vimeshika hewa. Maji yanapitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa hiyo, kwa hiyo kila tone linalochukua nafasi ya hewa ndani ya nguo limetoboa blanketi. Na Februari msituni, kwenye nyuzi hasi 15, mvua hainyeshi. Maji hayo yanatoka kwako mwenyewe. Ni jasho.

Nililijifunza hili vibaya. Msimu wangu wa tatu huku, karibu na Rovaniemi, nilikuwa nimepewa kazi ya kuandaa kuni za kundi kabla wageni hawajafika. Nyuzi hasi 19, hakuna upepo, na mimi nimevaa koti langu zuri la manyoya ya bata. Nilipasua kuni dakika 40 bila kulivua kwa sababu niliona uvivu kulivaa tena. Nilihisi raha. Mgongo ulikuwa unatoa mvuke, nikaona ndio uanaume. Nilipokaa, baada ya robo saa fulana ya ndani ikawa kama kitambaa kilichotolewa kwenye ndoo ya maji. Nikasema niwashe moto. Nilishika njiti ya kiberiti, niliiona kabisa iko kati ya vidole vyangu, lakini vidole havikuniambia kitu. Niliidondosha. Ya pili nikaidondosha. Ya tatu niliivunja. Mwenzangu ndiye aliyeshtuka, kwa sababu aliniuliza jambo na mimi nikamjibu kwa Kiswahili, naye hajui Kiswahili. Alinivua fulana, akanivalisha yake kavu, akanitia kwenye mfuko wa kulalia na chupa ya maji moto. Nguo yangu aliitundika kwenye tawi, na kabla chai haijachemka ilikuwa imesimama kama ubao.

Ndiyo maana nakwambia dawa yako unayo tayari, umeisikia kila siku mlimani: pole pole. Kule mnaisema kwa ajili ya hewa nyembamba, huku isemee jasho. Fanya kazi kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza bila kuhema. Kabla ya kushika shoka, vua koti zito uliweke kwenye begi, ubaki na nguo ya ndani ya sufu na jaketi jepesi la kuzuia upepo. Uanze kazi ukihisi kibaridi kidogo, ni sawa kabisa. Unapopumzika, vaa koti mara moja, kabla hujaanza kutetemeka. Kuvua na kuvaa hivi utafanya mara 20 kwa siku, na ndiyo kazi yenyewe. Koti zito, kwa hiyo, ni la kukalia. Ukilitumia kufanyia kazi umelipoteza.

Pamba usivae popote, hata chupi na soksi. Pamba ikinyonya jasho haiachii. Sufu nayo inalowa, lakini nyuzi zake hazishikamani zikalala, hivyo hewa kidogo inabaki. Beba seti moja kamili ya kulalia, fulana, suruali ya ndani na soksi, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, usiiguse hadi wakati wa kulala, hata ushawishike vipi. Glavu za vidole vitano ni za kazi za dakika moja. Za kukaa nazo ni zile ambazo vidole vinne vinalala chumba kimoja, na kwa vidole vyako ningechukua pea mbili, nyingine ikae kifuani ikipata joto. Viatu viwe vikubwa kiasi kwamba ukivaa soksi mbili bado vidole vya miguu vinacheza. Soksi ya tatu kwenye kiatu kinachobana inakata damu, na huo mguu utakuwa wa baridi kuliko usio na soksi nyingi. Na wanaosema nusu ya joto la mwili hutokea kichwani wanakosea. Kichwa ni karibu sehemu moja ya kumi ya ngozi yako na hupoteza joto kwa kadiri hiyo. Vaa kofia kwa sababu ni rahisi kuivua jasho likianza, na masikio huganda upesi.

Mfuko wako wa nyuzi hasi 24 umenitia wasiwasi. Tafuta lebo ndogo iliyoshonwa ndani. Mifuko inayopimwa kwa kiwango cha ISO 23537 huwa na namba tatu: ya starehe, ya kikomo, na ya mwisho kabisa. Ile ya mwisho ni kipimo cha mtu kukaa saa 6 bila kufa kwa baridi, na hata hapo anaweza kupata majeraha ya kuganda. Namba kubwa inayoandikwa nje ya begi la bei nzuri mara nyingi ni hiyo. Kama hasi 24 yako ni ya mwisho, ya starehe inaweza kuwa nyuzi chache tu chini ya sifuri. Soma ya starehe, kisha uchukulie kwamba kinga yako inaishia nyuzi 5 juu yake, kwa sababu utakuwa umechoka na ni mgeni wa jambo hili. Mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, inafanya kazi vizuri mradi wa nje uwe na nafasi na usibane wa ndani.

Ukiniuliza shilingi yako ya kwanza iende wapi, nitakujibu chini ya mgongo. Uzito wako unaibana ile hewa ya mfuko upande wa chini hadi haifai kitu, kwa hiyo kinachokutenganisha na ardhi iliyoganda ni mkeka tu. Mkeka mmoja wa povu una kipimo cha R, yaani uwezo wa kuzuia joto lisipite, karibu na 2, wakati usiku wa baridi kali unataka 5 au zaidi. Weka wa povu chini na mwingine mnene wa kujaza hewa juu yake. Ule wa povu hautoboki, kwa hiyo hata wa hewa ukikusaliti bado una kitu. Kwenye video utaona watu wakikata matawi mabichi na kutandika. Ufini huruhusiwi kufanya hivyo bila idhini ya mwenye msitu. Haki ya kila mtu, jokamiehenoikeus, inakupa ruhusa ya kutembea na kulala kwa muda mfupi bila kumwomba mtu, lakini haikuruhusu kukata matawi, kubandua gome la mti ulio hai, wala kuwasha moto kwenye ardhi ya mtu bila idhini yake. Katika hifadhi za taifa moto ni mahali palipotengwa tu. Nalo shoka na kisu vikae ndani ya begi uwapo kwenye basi. Kubeba kisu mjini bila sababu ya kueleweka ni kosa.

Nyumba ya theluji naipenda. Ni kitu kizuri mno, ukimya wake huwezi kuusahau, na kwa kweli ndani yake joto hukaa karibu na sifuri hata nje ikiwa hasi 25. Theluji ni hewa iliyofungwa. Unairundika hadi urefu wa mtu, unaikoroga inaporundikwa, unaiacha ikae saa mbili au zaidi chembe zake zishikane, unachomeka vijiti vya sentimita 30 kuzunguka juu, ndipo unachimba kutoka ndani hadi uvikute vijiti hivyo. Lakini angalia unachokifanya: unapiga magoti kwenye theluji, unachimba juu ya kichwa chako, theluji inaingia kolani, na ndani hakuna upepo, kwa hiyo unatoka jasho kama uko kwenye sauna. Hakuna kazi ya msimu wa baridi inayolowesha mtu kama hiyo. Anayechimba mara ya kwanza hutoka amelowa mpaka mfupa, na hapo jua limetua. Kwa mtu aliye peke yake, usiku wake wa kwanza, jibu langu ni hapana. Ichimbe mchana, ukiwa na mwenzako anayekupokea kazi, kisha mkanywe chai na kurudi nyumbani. Mara ya tatu ndio mlale humo.

Siku mtakapolala humo, lazima kuwe na tundu la hewa juu lenye upana wa ngumi, koleo libaki ndani pamoja nanyi, na kusiwepo moto wa aina yoyote, si jiko la gesi wala mshumaa. Unajua kwetu kila msimu wa baridi tunavyosikia familia iliyolala na jiko la mkaa chumbani na asubuhi hawakuamka. Ni gesi ile ile, kaboni monoksidi. Kuta za theluji zikiloa kwa joto kisha zikaganda, zinaziba kuliko ukuta wa tofali.

Laavu ndiyo shule nzuri zaidi ya kuanzia. Ina paa na kuta tatu, inatazama moto, na zile za Metsähallitus, shirika la serikali linalosimamia misitu, mara nyingi zina kuni. Kutoka Tampere una hifadhi za Seitseminen na Helvetinjärvi, si mbali. Ubaya wa laavu ni kwamba moto unakupasha mbele tu, na upepo ukigeuka unakula moshi. Hema la baridi lina kinga bora ya upepo, ila pumzi yako inaganda ukutani na kukudondokea kama unga. Hakuna kilicho kamili, na mimi mwenyewe hubeba hema kwenye sleji hata ninapokwenda kulala laavu.

Kuhusu moto sitasema mengi kwa sababu umeshaanza kujifunza. Chuma cha cheche ni kizuri kwa mazoezi, lakini beba pia kiberiti cha kawaida kwenye kopo lisilopitisha maji na kiberiti cha gesi kwenye mfuko wa ndani kabisa. Gesi ya butani haigeuki kuwa hewa chini ya takriban nyuzi hasi 0.5, kwa hiyo kikikaa mfuko wa nje hakitawaka. Gome la koivu iliyokufa, ule mti mweupe, lina mafuta na huwaka hata likiwa na maji. Juu ya theluji tandika magogo kwanza, la sivyo moto utazama na kujizima. Na kabla hujawasha tazama juu: tawi lililobeba theluji likipata joto huachia mzigo wote kwa mpigo. Wafini wana moto wao wa usiku, rakovalkea, magogo mawili marefu yaliyolazwa moja juu ya jingine na moto katikati, unaweza kuwaka saa nyingi ukiwapasha mliolala kando yake. Waombe wenzako wakuonyeshe. Huo haufundishiki kwa maandishi.

Konyagi usibebe. Inafungua ile mishipa ya ngozi ambayo mwili umeifunga kwa makusudi, unahisi joto usoni huku damu ya moto ya kifuani ikikimbilia nje kupoa. Tena inakata kutetemeka na inakunyima akili ya kujua umepoa. Badala yake kula vyakula vya mafuta kabla ya kulala, karanga, jibini, chapati uliyoipaka siagi. Chapati haigandi ikawa jiwe kama mkate, na ukiiweka kifuani inakaa laini. Jaza maji moto kwenye chupa ngumu, ivalishe soksi, iweke kwenye kinena ndani ya mfuko.

Theluji: ukimeza kiganja kimoja hufi. Kwa hesabu, kuyeyusha kilo moja ya theluji mdomoni na kuipasha hadi joto la mwili kunakugharimu kilokalori 117 hivi, ambazo chapati moja inazilipa. Tatizo ni kwamba theluji mpya inataka karibu lita 10 ili upate lita moja ya maji, na wakati unaila unaupoza mdomo na tumbo pale pale mwili unapojitahidi kubaki na joto. Watu huacha kabla hawajashiba. Na maji unayahitaji kuliko unavyohisi, kwa sababu damu ikirudi katikati ya mwili figo hudhani maji yamezidi na kuyatoa, ndiyo maana kwenye baridi unakojoa kila saa. Beba chupa mbili za chai zilizojaa kutoka nyumbani. Ukiyeyusha theluji, anza na maji kidogo chini ya sufuria kisha uongeze theluji taratibu, vinginevyo sufuria itaungua na maji yatanuka moshi.

Ziwani usikanyage. Wenyeji wanasema sentimita 5 za barafu ngumu na safi zinambeba mtu mmoja, na wako sahihi, ila wanajua pia mkondo ulipo na mahali mto unapoingia. Wewe bado.

Sasa neno gumu: peke yako. Mtu anapopoa, kitu cha kwanza kupungua ni kile ambacho angekitumia kujua kwamba anapoa. Anadondosha vitu, anajikwaa, maneno yanamgongana, ananuna bila sababu. Mwenzake anaviona vyote hivyo. Yeye anasema yuko sawa. Mimi nilikuwa sawa kabisa nikimjibu Mfini kwa Kiswahili. Kutetemeka kwa nguvu bado ni dalili njema, maana yake mwili unapigana: mkaushe, mvalishe, mpe kitu cha moto chenye sukari. Akiacha kutetemeka na bado ni wa baridi, au amelegea, au anaanza kuvua nguo akidai joto, hiyo ni 112 bila kujadiliana. Mlaze, mtenganishe na ardhi, mshike taratibu kama yai kwa sababu moyo uliopoa hushtuka kwa urahisi, wala usimsugue mikono na miguu. Programu ya 112 Suomi hutuma mahali ulipo unapopiga simu kupitia hiyo, kwa hiyo iweke leo, na simu ikae kifuani, betri hufa upesi kwenye baridi.

Kidole kikiganda tena, usikisugue na theluji na usikipeleke kwenye moto, kwa sababu hakisikii na kitaungua. Kwapani kwanza. Ukifika ndani, maji ya nyuzi 37 hadi 39, na jiandae kwa maumivu. Usikiyeyushe kama kuna uwezekano kitaganda tena njiani, hiyo mara ya pili ndiyo inayokata vidole. Malengelenge yakitokea, au ganzi isipoisha baada ya kupata joto, nenda hospitali usiku huo huo. Zipo dawa za kufungua mishipa iliyoziba, na baadhi zinataka ufike ndani ya saa 24 za kwanza.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi. Wiki hii onyesha vidole. Kama daktari hana pingamizi, waombe wale wenzako wa kazini mkalale pamoja, kwenye laavu ambayo gari linafika karibu, usiku ambao utabiri haushuki chini ya hasi 10 na hakuna upepo. Hasi 10 ile ile ikiwa na upepo wa kilomita 30 kwa saa ngozi inaihisi kama hasi 20. Mwambie mkeo mahali, saa ya kurudi, na saa ambayo akiona kimya apige simu. Mwambie pia kwamba hujachanganyikiwa, ila alikuwa na haki ya kuuliza.

Lakini hata kabla ya hapo, lala usiku mmoja kwenye baraza ya nyumbani kwako, au kwenye ua wa rafiki, mlango ukiwa hatua kumi tu kutoka ulipo. Tumia vitu vile vile, mikeka ile ile, nguo za kulalia zile zile. Chukua ile mizani ndogo ya kupimia mabegi ya ndege na upime mfuko wa kulalia kabla hujaingia. Jikaze usipumulie ndani, pua na mdomo vibaki nje. Asubuhi, kabla hujauanika, upime tena. Uzito ulioongezeka wote ni maji yaliyotoka mwilini mwako ukiwa umelala tu, hujapasua hata kuni moja. Niandikie ni gramu ngapi, na uniambie na vidole viliamkaje.